Mtoi wa PP1, Simu Yako na Doo Yako: Mfunze Hivi

Jaribu kuambia mtoi wa miaka 4 hauna pesa. Atakuangalia tu, kisha akwambie, "Si utoe kwa simu." Na huwezi mlaumu. Kila siku anakuona dukani ukibonyeza simu, mwenye duka anasema imeingia, na mkate unaenda home. M-Pesa ilikuja 2007, so sisi angalau tulikuta wazazi wakihesabu noti mezani. Huyu wako hajawahi ona hiyo kitu. Kwa akili yake simu ndiyo inazaa doo, na simu hiyo hiyo ndiyo iko na katuni.

Ndio maana kwa mtoi wa kwetu huwezi tenganisha somo la pesa na somo la mtandao. Yote mawili yako kwa screen moja, na iko kwa mfuko yako. Iwe ni mtoi wako, wa sistako ama ni wewe huachiwa wadogo jioni, hii story inakuhusu.

Anza na coins. Hizi zilizotoka Desemba 2018 ni kama zilitengenezewa watoi: bob moja ina twiga, ngovo ina kifaru, ashu ina simba, mbao ina ndovu. Mtoi asiyejua kusoma nambari anajua ndovu. Za zamani zenye sura za marais bado zinatembea, lakini hizo weka kando kwanza. Mpe ndovu moja mwende kwa kibanda, na umwache alipe mwenyewe na angoje change. Kama mandazi ni ashu, ndovu itanunua mandazi mbili, ama mandazi moja na peremende za ashu. Zote tatu haiwezi. Achague. Akishachagua alie juu ya ile aliacha, usiongeze mbao ingine. Najua ni ngumu, watu wanaangalia na mama mboga anakuona mnyimi, lakini hapo ndipo somo lenyewe liko. Ukiongeza, umemfunza kwamba kulia ni aina ya pesa.

Za kuweka, tumia chupa inayoonyesha ndani, kama ile ya peanut butter ikishaoshwa. Mkebe uliofungwa haumsaidii, hawezi ona ikijaa. Na usimwambie anasave ya Desemba. Kwa mtoi wa miaka 3, wiki moja ni kama mwaka. Chagua kitu cha siku nne ama tano, mpira wa plastiki hivi, kisha mkainunue na hizo coins zake.

Sasa hamia kwa simu. Siku unaenda kutoa pesa kwa agent, mbebe. Muonyeshe balance kabla, muonyeshe noti zikitoka, halafu muonyeshe balance imeshuka. Usimpe lecture. Mwambie tu, "Pesa ilikuwa huku, sasa iko huku. Huku imepungua." Rudia mara kadhaa. Pia mwambie pesa iliingia aje: ulienda job, wakakulipa. Watoi wengi wanajua "job" ni mahali unapotelea tu.

Kwa PIN usicheze. Mtoi wa PP2 anashika haraka vidole vinaenda wapi, na hizo ni nambari nne tu. Kama ni mwaka wake wa kuzaliwa, badilisha leo. Kumbuka pia kama umejiunga na Fuliza, akaunti kuwa tupu haimaanishi malipo yatakataa. Na kama line ama kadi imeunganishwa na Play Store, ingia settings uweke iulize password kila mara kabla ya kununua kitu. Gemu za watoi zimejaa vibonyezo vya kung'aa, na mtoi hajui tofauti ya kufungua zawadi na kununua.

Halafu kuna hii kitu ya siri, ambayo wengi wetu huruka. Unamwambia PIN ni siri, usiambie mtu. Vizuri. Lakini mtu mbaya, awe mtandaoni ama jirani, pia anatumia neno hilo hilo: "hii ni siri yetu, usiambie mama." Mtoi wa miaka 4 atajuaje tofauti? Mpe sheria moja rahisi: hakuna mtu mkubwa anayeruhusiwa kumwambia afiche kitu kwa mamake ama babake. Hata anko. Hata tichee. Keki ya birthday ya mamake ni surprise, na surprise inaisha kila mtu akifurahi. PIN ni ya kufungia, kama kufuli ya mlango. Ile ingine akiambiwa, akuambie hapo hapo, na akikuambia usimgombeze, hata kama alikuwa anacheza na simu bila ruhusa. Ukifoka mara moja tu, next time atanyamaza.

Kwa katuni, tumia YouTube Kids badala ya YouTube ya kawaida. Iko na sehemu ya wadogo kabisa, na unaweza kuzima search, ama uchague mwenyewe video ataona. WHO ilisema 2019 kwamba wa miaka 2 hadi 4 wasipitishe saa moja ya screen kwa siku, na chini ya mwaka mmoja wasiwekewe kabisa. Kama kuna watu wengine kwa nyumba, katuni zichezwe sebuleni na sauti ikiwa juu, hata kama zinaboesha.

Na wewe pia, punguza picha za mtoi akiwa na uniform yenye badge kwa status. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi kabla ya data ya mtoto kutumika, na 2023 kuna shule ilipigwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuposti watoto bila hiyo ruhusa.

Mtoi akikuambia kuna mtu alimtumia ama alimuonyesha kitu kibaya, usifute. Hifadhi simu vile iko, kisha piga 116, laini ya Childline Kenya. Ni bure, na wanashika mchana na usiku.