Bahati Nasibu ya Kupinga Utumwa ya Mwaka 1891 na Nchi ya Usambara

Mwaka 1896 kazi mbili zilianzishwa katika milima ya Usambara Magharibi. Huko Kwai, karibu na Lushoto, serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilifungua kituo cha majaribio ya kilimo na mifugo, ili ijulikane kama mazao na wanyama wa Ulaya waweza kustawi katika nchi hii ya baridi. Huko Lutindi, upande wa kusini wa milima hiyo hiyo, Chama cha Kiinjili cha Afrika kilifungua makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Kwai ilitayarishwa kwa ajili ya walowezi waliotazamiwa kuja. Lutindi iliwapokea wanyonge waliokwisha kufika. Mtu aweza kudhani kwamba hapa tunaona njia mbili zisizokutana, yaani serikali na hazina yake, na hisani na sadaka zake. Lakini miaka mitano kabla yake njia hizo zilikuwa zimekutana huko Ujerumani, katika tiketi ya bahati nasibu.

Asili ya jambo hili ni mwaka 1888. Mwaka huo Kardinali Lavigerie alizunguka miji ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa katika Afrika. Tarehe 27 Oktoba mkutano mkubwa ulifanyika mjini Köln, Wakatoliki na Wainjili wakiketi pamoja, na miongoni mwa waliohutubu alikuwamo Friedrich Fabri, aliyepata kuwa mkuu wa Misioni ya Rhine. Wakati huo huo watu wa pwani yetu, wakiongozwa na Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri huko Saadani, walikuwa wameinuka kupinga utawala wa kampuni ya Kijerumani. Huko Berlin vita hivyo vilielezwa kuwa ni uasi wa wafanya biashara ya watumwa. Mapema mwaka 1889 bunge la Ujerumani likaidhinisha marka milioni 2 kwa kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Kijerumani. Yafaa tuangalie kwamba makusudi hayo mawili yaliandikwa pamoja, kana kwamba ni kusudi moja.

Kamati ya Kijerumani ya Kupinga Utumwa ilihitaji fedha zaidi, na mwaka 1891 ikaendesha bahati nasibu kwa kibali cha serikali. Mtu wa siku hizi asikidharau kibali hicho. Bahati nasibu haikuwa kazi ya kila apendaye. Serikali ndiyo iliyofungua na kufunga mlango. Kumfungulia mmoja mlango uliofungwa kwa wengine ni msaada mkubwa, ingawa hakuna fedha itokayo hazinani. Mnunuzi wa tiketi naye aliingia na nia mbili moyoni: kumhurumia mtumwa wa Afrika, na kutumaini kwamba yeye mwenyewe angeshinda.

Je, fedha hizo zilifanya nini? Sehemu moja ilimwezesha Oscar Baumann kusafiri. Huyu ndiye aliyepima nchi ya Usambara mwaka 1890 na kuiandikia kitabu. Januari 1892 alitoka Tanga kwa niaba ya Kamati, akapita Umasaini, akaingia bonde la Ngorongoro, akafika hadi Burundi kutafuta chanzo cha Nile, na mwaka 1893 akarejea pwani. Aliwaona Wamasai waliokuwa wakifa njaa baada ya sotoka kuua ng'ombe wao, naye aliyaandika mateso yao. Hata hivyo msafara wenyewe ulikuwa wa upimaji wa nchi, na zaidi ya mara moja ulitumia bunduki dhidi ya wenyeji. Sehemu nyingine ililipia meli ya mvuke iliyopewa jina la Hermann von Wissmann. Kwanza ilikusudiwa kwa Ziwa Victoria. Kwa ugumu wa usafirishaji ikapitishwa mito ya Zambezi na Shire, na mwaka 1893 ikaelea katika Ziwa Nyasa. Vita vilipoanza mwaka 1914 ilikuwa meli ya serikali, na mwezi Agosti Waingereza waliishambulia na kuilemaza ikiwa Liuli.

Na utumwa wenyewe? Serikali ya Kijerumani haikuufuta kamwe katika koloni hili. Amri ya mwaka 1904 ilisema tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Hivyo mtumwa ambaye kwa jina lake tiketi ziliuzwa alingoja miaka 31.

Hatusemi kwamba wote walionunua tiketi walikuwa wanafiki, wala kwamba hakuna mema yaliyotendeka. Mwaka huo huo wa 1891 wamisionari Wohlrab na Johanssen walifika Mlalo, na Kanisa letu la Usambara ni shahidi wa kazi iliyoanza hapo. Tunalosema ni kwamba huruma ya wengi ilikusanywa, kisha ikatumika kwa makusudi ya wachache, kwa kuwa aliyetoa kibali alikuwa na shauri lake mwenyewe, na mtumwa hakuwa na mtu wa kumdai hesabu.

Jambo hili halijapitwa na wakati. Kenya ilitunga sheria ya bahati nasibu mwaka 1966; nchini Tanzania Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliweka Bodi ya kuisimamia. Vyama vya hisani, na hata shule na hospitali za makanisa, vyaweza kujikuta mbele ya fungu lililotokana na tiketi. Katika majadiliano yetu tumezoea kuuliza tu kama kupiga kura kwa fedha ni dhambi. Swali hilo lina uzito wake, kwa maana anayenunua tiketi mara nyingi ni maskini. Lakini historia yatuongezea maswali mengine: Nani alitoa kibali, naye atarajia nini? Anayetajwa kwenye tiketi ana kiti katika kamati? Hesabu itasomwa mbele ya nani? Mtume Paulo, alipochanga kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuzichukua fedha peke yake. Alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe. Kama mnyonge wa Lutindi angewekwa katika kamati ile ya mwaka 1891, hatudhani kwamba angeomba meli.