Kibodi imefika darasani mara mbili, na maneno bado si yetu

Wasee wa Nax, niwaulize kitu. Kuna mwalimu aliwahi kukukalisha kwa kibodi akakwambia andika kitu chako, kitoke kichwani mwako? Si kunakili notsi, si CV. Mimi nimejaribu kukumbuka nikashindwa, ndio nikaanza kuchimba hii historia.

Nilianza na mama. Miaka ya 80 na 90, msichana akimaliza kidato cha nne hapa Nakuru na pesa ya kuendelea hakuna, ushauri ulikuwa mmoja: kasomee usekretari. Hata shuleni, kutaipu kulikuwa somo la KCSE kabisa. Mama anasema herufi zilifunikwa wasizione, chati iko ukutani, halafu darasa zima linapiga a-s-d-f, a-s-d-f, kama mvua kwa mabati. Ukishazoea unapewa barua za biashara na unapimwa spidi.

Sasa angalia hayo maneno yalikuwa ya nani. Ya bosi. Sekretari mzuri ni yule anayetoa maneno ya mtu mwingine bila kosa, na ukiongeza koma yako mwenyewe umeharibu. Nilimuuliza kama aliwahi kutaipu kitu chake pale chuoni. Akafikiria kidogo. "Barua ya kuomba kazi," akasema.

Ruka hadi 2013. Jubilee wanaomba kura na ahadi ya laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. 2014 tenda ikafutwa. 2016 laptopu zikageuka tableti (habari za saa moja zikatufunza neno "vishikwambi", ambalo nyumbani kwetu hakuna mtu amewahi kulitumia), zikajaribiwa kwa shule 150, baadaye vifaa zaidi ya milioni moja vikasambazwa nchi nzima. Ndugu yangu mdogo alianza darasa la kwanza mwaka huo. Anachokumbuka ni kugusa picha za wanyama, mara chache, kisha tableti zinarudishwa stoo yenye mlango wa chuma. Hao watoto wa 2016 ndio waliofanya KCPE ya mwisho, 2023. Insha ilikuwa dakika 40 na biro.

Kitu kinachoniuma ni kwamba 2013 hiyohiyo, Marekani waliacha kutengeneza kifaa kinaitwa AlphaSmart. Kilibuniwa na mainjinia waliotoka Apple, kikaanza kuuzwa 1993: kibodi yenye kioo kidogo cha mistari michache, inatumia betri za kawaida tu, haina intaneti, haina gemu. Mtoto anabeba hadi chini ya mti, anaandika hadithi yake, akirudi anaimwaga kwa kompyuta. Kazi yake ni kuandika, basi. Mtu akikwambia ni ya kishamba, muulize stima ilipotea mara ngapi kwao wiki hii.

Na si ati Kenya hatujui hii kitu. Thika kuna shule ya wasioona iliyoanzishwa na Salvation Army 1946. Wanafunzi wasioona huandika kwa Perkins Brailler, mashine iliyotoka 1951, vibonye sita vya nukta na kimoja cha nafasi. Ni nzito, ina kelele, lakini mtoto anaitumia kujibu maswali yake na kuandika insha yake. Kwake kibodi ndiyo kalamu. Hakuna aliyemwambia asubiri awe sekretari kwanza. Sisi tunaoona ndio tulipewa kibodi ya kunakili, halafu tableti ya kugusa.

Ndugu yangu sasa yuko sekondari. Akiwa likizo huandika hadithi usiku kwa simu ya mama, kwa vidole gumba, anajitumia mwenyewe WhatsApp. Ni za majambazi wa Kaptembwo, na si mbaya. Asubuhi mama huzisoma kabla hajaamka. Juzi nimemshika akirekebisha koma.