Sichyajunga wa Mbozi

Kila dini hutunza kumbukumbu ya mwanamke aliyepatwa na mateso asitetereke. Makalasinga humsimulia Bibi Rajni, aliyemuuguza mume mwenye ukoma bila kumlaumu Mungu. Sisi nasi hatuna haja ya kwenda mbali: katika nchi ya Wanyiha, huko Mbozi, si mbali na mpaka wa Tunduma, aliishi Sichyajunga.

Karne ya 19 ilipokaribia kwisha, nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ilikuwa njia ya misafara ya pembe na watumwa. Sichyajunga alizaliwa akaitwa Chisi. Akatekwa angali mtoto, akapita mikononi mwa watu mbalimbali, akaitwa pia Ndjurisiye. Majina hayo matatu yatosha kutueleza utumwa ulikuwa nini. Mateka hakunyang'anywa uhuru peke yake, bali ukoo pia. Na katika jamii zetu za kale, mwanamke asiye na ukoo hakuwa na wa kumtetea barazani wala wa kupokea mahari yake.

Mwaka 1899 Wamoraviani walifungua misheni Mbozi, na wengi waliokosa ukoo wakapata kimbilio. Wako wasemao kwamba watu wa namna hiyo walifuata chakula na ulinzi tu. Hatukatai kwamba wapo walioanza hivyo. Lakini mwaka 1916 vita viliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, na sharika zikabaki mikononi mwa wenyeji. Mlinzi kaondoka, sala zikabaki. Hapo ndipo imani ya wanyonge ilipopimwa, ikaonekana kuwa ni mali yao wenyewe.

Habari za Sichyajunga ziliandikwa na mmisionari Elise Kootz-Kretschmer, zikachapishwa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1938, katika kitabu kilichoyaita maisha yake kuwa ni ya mahangaiko. Ni haki kuyaita hivyo. Hata hivyo, sisi twaona humo jambo lililotulia: mtu aliyebadilishiwa jina na makao mara kwa mara, asikubali kubadilishwa utu.

Historia ya taifa haikujengwa na watemi na mashujaa wa vita pekee. Wamo pia waliotekwa wakiwa watoto, wakatoka utumwani wakiwa bado na moyo wa kumwamini Mungu na binadamu wenzao. Tusipowataja, tutakuwa tumewanyang'anya jina mara nyingine.