Mama Mzazi Asikae Peke Yake

Zamani kijijini, katika nchi yetu ya Waluba, mama aliyezaa alizungukwa na watu. Mama yake, shangazi na dada walikuwa karibu. Mmoja alichota maji, mwingine alibeba mtoto, wa tatu alimwonyesha namna ya kunyonyesha. Hakutafuta rafiki, walimjia wenyewe.

Reli ilibadili mambo hayo. Mwaka 1918 ilifika Bukama, na mwaka 1928 ilipita hapa Kamina, ikafika Ilebo, mji ulioitwa Port-Francqui wakati ule. Migodi ya Union Minière nayo ilitaka watu. Kwanza wanaume walikuja peke yao kwa miezi michache. Karibu na mwaka 1928 kampuni ilianza kuwaandikia mikataba ya miaka mitatu, tena ilipenda waje na wake zao. Basi kambini Mluba alipakana na Mlunda, na mtu wa Kasai, na mtu wa Rwanda. Mama mzazi alipata nyumba na posho, lakini shangazi yake alikuwa mbali sana.

Ni nini kilichowakutanisha watu hawa? Kwanza ni mizani. Akina mama waliitwa kupeleka watoto wapimwe uzito. Tuseme kweli: kampuni iliona katika watoto hao wafanyakazi wa kesho. Hata hivyo, wakingoja zamu yao, akina mama waliulizana habari za homa na meno kwa Kiswahili, maana hapakuwa na lugha nyingine ya wote. Pili ni nyumba za mafundisho zilizoitwa fuaye, ambamo walijifunza kushona, kupika na kulea watoto.

Lakini huko waliitwa na wakubwa, tena akina baba hawakuwamo. Jambo la tatu lilikuwa tofauti. Padre Placide Tempels, Mfransisko aliyefika Kongo mwaka 1933 na kukaa miaka mingi kati ya Waluba, alitumwa baadaye karibu na Kolwezi. Huko, katika miaka ya 1950, Jamaa ilizaliwa kati ya wafanyakazi wa migodi. Mume na mke waliingia pamoja. Waliitana baba na mama, walitembeleana nyumbani, walizungumza juu ya uzima, uzazi na mapendo, bila kuulizana kabila. Baadaye vikundi vingine vilipotoka, na maaskofu wakaweka masharti. Lakini mlango ule wa jirani uliofunguliwa ulikuwa jambo jema.

Hata leo, ndugu, wapo kati yetu wazazi vijana waliotoka mbali kwa kazi au kwa kukimbia vita. Wengine hawana mtu wa kumshika mtoto wapate kulala kidogo. Tusiwangoje waje kwetu. Baba na mama, twendeni pamoja, tupige hodi, tuchukue ndoo ya maji mkononi.