Mwavuli wa Nyota

Bibi yangu aliuza samaki wa kukaanga usiku, kando ya barabara, kwa mwanga wa karabai moja iliyotundikwa kwenye nguzo ya kibanda. Siku moja sarafu ilidondoka ng'ambo ya ile taa. Nikakodoa macho nisione kitu, maana karabai ilinipiga usoni. Bibi hakuiondoa taa. Alisema tu, "Kinga taa kwa kiganja, mjukuu wangu." Nikanyoosha mkono, kiganja kikaifunika taa, na palepale nikaiona sarafu. Nikawaona na kumbikumbi waliokuwa wakiizunguka karabai muda wote ule. Walimeta kwa mwanga wa taa ileile iliyonizuia kuwaona.

Wanafalaki wanataka kufanya jambo hilohilo angani. Sayari-nje, yaani sayari zinazozunguka nyota nyingine mbali na Jua letu, zimekwisha kuthibitishwa zaidi ya 5,000, lakini karibu zote zinajulikana kwa ishara tu: nyota inayumba kidogo kwa kuvutwa na sayari yake, au inafifia kidogo sayari inapopita mbele yake. Ile ya nyota 51 Pegasi, iliyotangazwa mwaka 1995, iligunduliwa kwa kuyumba huko kwa nyota. Kuziona zenyewe ni kazi nyingine kabisa. Kwa mwanga unaoonekana kwa macho, Dunia ni hafifu kuliko Jua mara bilioni 10 hivi. Tena anayetutazama kutoka umbali wa miaka-nuru 32 angeona Dunia na Jua vimekaribiana kiasi cha sehemu moja ya kumi ya sekunde ya pembe, na digrii moja ina sekunde 3,600. Kumbikumbi yuko pale, karabai inamficha.

Mwaka 1962 mwanafalaki wa Marekani, Lyman Spitzer, alipendekeza kinga kubwa irushwe angani, ikae mbali mbele ya darubini na kuifunika nyota ili sayari ibaki inaonekana pembeni. Kwa Kiingereza chombo hicho kimekuja kuitwa starshade. Sisi tukiite nini?

Jina la kwanza linalokuja mdomoni ni "kizuia mwanga". Silikubali. Ukuta nao huzuia mwanga. Kazi ya chombo hiki ni kuuzuia mwanga wa nyota peke yake na kuuacha ule wa sayari upite kando ya ukingo wake hadi kwenye darubini. "Pazia" lina kasoro iyo hiyo: pazia huficha vyote vilivyo nyuma yake.

"Kinganyota" lilinivutia kwa muda mrefu, kwa sababu kukinga ndicho kitenzi alichotumia bibi, na ndicho kitenzi sahihi. Shida huanza ukikifanya kitenzi hicho kuwa jina. Katika "kingamwili", mwili ndio unaolindwa. Kwa mfano huo msomaji ataelewa kwamba nyota inalindwa na kitu fulani. Na mwenye kukaa karibu na bomba la maji atasikia maana nyingine tena, kwa kuwa tunakinga maji kwa ndoo. Kukinga nyota kwa maana hiyo ni kuipokea nuru yake, na hiyo ni kazi ya darubini, kinyume kabisa cha tunachotaka.

Kuna wanaopendekeza tutumie "kupatwa", kama tunavyosema jua limepatwa. Hapa kuna fundisho. Tarehe 1 Septemba 2016, watu waliokusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, waliona jua likibaki kama pete. Mwezi ulipita katikati kabisa, lakini siku hiyo ulikuwa mbali mno nasi kuweza kulifunika lote. Kinachofunika lazima kiwe na ukubwa unaolingana na umbali wake. Wahandisi nao hupiga hesabu hiyo: mpango wa Marekani uitwao HabEx, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2019, ulichora kinga yenye kipenyo cha mita 52, ikae kilomita 76,600 mbele ya darubini yenye kioo cha mita 4. Huo ni takriban sehemu moja ya tano ya umbali wa kwenda Mwezini, na katika umbali huo kinga isipotoke kando kwa zaidi ya mita moja. Lakini kupatwa ni tukio, na tukio haliwezi kuwa jina la chombo.

Limebaki "mwavuli", na hili nalisimamia. Lisikilize pamoja na "kivuli" na "uvuli": -vuli ile imo katika yote matatu. Na uhandisi wote wa chombo hiki una lengo moja, kuiweka darubini kivulini. Tunasema mwavuli wa mvua kwa maana ya mwavuli wa kujikinga na mvua, kwa hiyo "mwavuli wa nyota" unajieleza wenyewe bila tanbihi. Zaidi ya hayo, mwavuli hukunjwa na kukunjuliwa, na hiki nacho kitarushwa na roketi kikiwa kimekunjwa kama ua lililofumba, kisha kikunjuliwe huko juu.

Nasema ua kwa sababu umbo lake ni kama alizeti, duara lililozungukwa na petali zilizochongoka. Si pambo. Mwaka 1818 Mfaransa Fresnel aliandika kwamba mwanga ni mawimbi. Poisson, aliyempinga, akapiga hesabu akaonyesha kwamba ikiwa ni kweli, basi katikati ya kivuli cha kisahani cha duara lazima kuwe na doa la mwanga, jambo aliloliona haliwezekani. Mwanasayansi mwenzao, Arago, akajaribu, na doa likaonekana. Mwanga hupinda kwenye ukingo, na kwa kuwa ukingo wa duara uko umbali mmoja toka katikati pande zote, mawimbi hufika pale kwa pamoja na kupeana nguvu. Mwavuli wa duara tupu ungemulika palepale darubini inaposimama! Petali zinazopungua taratibu hufanya mawimbi hayo yauane, kivuli kikawa giza kweli. Umbo lake lilielezwa na Webster Cash wa Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 2006, na makosa ya kuzikata petali hizo huhesabiwa kwa sehemu za milimita.

Nakubali kuna pingamizi moja la maana. Mwavuli ni parachuti pia, ndiyo maana tuna askari wa miavuli, na vyombo vya angani hurudi duniani kwa miavuli ya aina hiyo. Kwa hiyo neno lisiachwe pekee; liandikwe zima, "mwavuli wa nyota", wingi "miavuli ya nyota". Na koronagrafu, kifaa alichokibuni Lyot huko Ufaransa karibu na mwaka 1930, tusikiite mwavuli, kwa kuwa huziba mwanga ukiwa umekwisha kuingia ndani ya darubini.

Hadi sasa hakuna mwavuli wa nyota uliokwisha kurushwa kufanya kazi hii. Wahariri na walimu wa fizikia, tuanze kuliandika neno hili sasa, kabla wanafunzi wetu hawajazoea la Kiingereza.