Doti Moja Begani: Nguo, Joto na Mwanamke wa Makamo katika Njia ya Tabora

Mwanamke wa Unguja aingiapo dukani Darajani kununua khanga haulizi yadi wala mita. Huuliza bei ya doti. Mwenziwe wa Tabora, aliye mbali na bahari kwa safari ya reli ya zaidi ya kilomita 800, naye huuliza vivyo hivyo. Neno hilo limezoeleka mno hata halimshtui mtu. Lakini ndilo neno lililopita mabegani mwa wapagazi katika njia ya misafara, na katika historia yake mna jambo linalomhusu hasa mwanamke aliyekwisha kuvuka ujana: nani aliyempa nguo, na tangu lini alianza kujichagulia mwenyewe.

Katika karne ya 19 nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya bara. Mikono minne, yaani yadi 2, ilifanya shuka. Shuka mbili zilifanya doti, yadi 4. Msafara uliotoka Bagamoyo ulikwenda karibu miezi mitatu kufika Tabora, kila mpagazi na mzigo wake wa kilo 30 hivi, na njiani doti zilihesabiwa kwa hongo za watemi wa Ugogo, kwa mtama na kwa maji. Henry Morton Stanley, alipokuwa akijiandaa Unguja mwaka 1871 ili kumtafuta David Livingstone, alielezwa kuwa watu 100 wangehitaji doti 10 kila siku kwa chakula tu.

Nguo iliyotangulia zote ilikuwa merikani, pamba nene isiyopaushwa, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, viliidhoofisha biashara hiyo, na vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi vikachukua nafasi. Jina la merikani, hata hivyo, halikuondoka. Pamoja nayo ilikwenda kaniki, iliyotiwa nili hata ikawa nyeusi.

Isidhaniwe kwamba Unyamwezi ilisubiri misafara ndipo ijisitiri. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, palipo Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857, Wanyamwezi walikuwa na vitanda vya mfumi vyao na pamba yao. Wapo pia waliovaa ngozi na magome ya miti yaliyopondwa yakalainika. Nguo ya kigeni iliishinda ile ya nyumbani kwa wingi wake na kwa wepesi wake mwilini, si kwa kuwa hapakuwa na nguo.

Na kiangazi ndicho kilichokuwa msimu wa nguo hiyo. Baada ya mavuno wanaume wa Kinyamwezi walishika njia ya pwani. Wanawake wakabaki na nyumba, watoto na ghala. Wengi walijitahidi kurejea kabla ya mvua za Novemba, wakati wa kulima. Basi doti ziliingia nyumbani mwezi ambao jua la Tabora huwa kali kuliko miezi yote, mvua ikiwa bado ahadi tu. Joto hilo si la pwani. Pwani wakati wa kaskazi mtu huloa jasho lisilokauka. Tabora, palipoinuka mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, mchana wa Oktoba hukausha midomo, na asubuhi za Juni na Julai humtetemesha mtu kwa baridi.

Lakini si kila mwanamke aliyepokea doti aliipokea kwa mkono wa mume au mwana. Tabora ilikuwa miongoni mwa sehemu zenye watumwa wengi, na wengi wao walikuwa wanawake. Hawa walivaa walichopewa, nacho kilikuwa kipande cha merikani au kaniki. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na nguo apewayo mtumwa na bwana wake ni ya kuazima, hata aivae mpaka ichakae.

Huku pwani, katika miongo ya mwisho ya karne hiyo, wanawake wa mijini walianza kununua leso zilizochapwa kabla hazijakatwa, wakaziunga sita, tatu kwa tatu, zikawa nguo moja. Ndivyo inavyosimuliwa asili ya khanga. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na masuria wakaingizwa katika sheria mwaka 1909, wanawake waliokuwa huru karibuni waliiacha kaniki na kuikimbilia khanga. Hawakuwa wakifuata urembo mtupu. Walikuwa wakiivua hali ya jana.

Bara mambo yalichelewa. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, nguo zikawa hazina haja tena ya bega la mpagazi. Lakini utumwa wa Tanganyika ulifutwa kabisa kisheria mwaka 1922. Hesabu ni nyepesi. Msichana aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1885, misafara ikiwa bado inapita, alikuwa na miaka 47 mwaka huo wa 1922. Wengi walikuwa wamekwisha kujitoa wenyewe zamani, kwa miguu, kwa ndoa au kwa kujikomboa. Hata hivyo, wapo ambao uhuru uliwakuta katika umri wa makamo, nywele zikianza kuingia mvi. Kwa mwanamke kama huyo, kusimama mbele ya duka, kuzikunjua khanga mbili tatu, kuzikataa na kuagiza nyingine, lilikuwa jambo kubwa kuliko nguo yenyewe.

Nayo nguo hiyo ilimfaa. Pamba hunywa jasho na kupitisha hewa. Khanga haikushonwa kwa kiuno cha msichana ili imsute mwenyewe akinenepa. Hufungwa na kufunguliwa, na hukubali mwili jinsi ulivyo mwaka huu. Mwanamke anayekaribia ukomo wa hedhi hupandwa na joto la ghafla lisilo na saa: ya juu huteremshwa begani, hupepewa kidogo, kisha hurudishwa kichwani pasi na mtu kujua. Asubuhi ya Julai doti hiyo hiyo ni blanketi. Na kwa kuwa moja hukaa kiunoni na ya pili kichwani au mabegani, heshima ya mtu mzima haipotei kwa sababu ya starehe ya mwili.

Siku hizi wengi wa umri huo hupenda dera, au kijora, ambalo jina lake lenyewe linakumbusha jora la nguo la misafara. Ni vazi pana, halibani, na si la kulaumiwa. Lakini mengi hushonwa kwa kitambaa cha poliesta, ambacho hakinywi jasho. Upana wake huleta hewa, kitambaa chake huizuia. Hata zipo khanga zilizochanganywa nyuzi hizo, zenye rangi za kumeta na mkono usioteleza kama wa pamba iliyofuliwa mara kumi. Basi anayenunua na aishike kwanza, aifikiche, kisha ndipo asome jina lake.

Doti ya leo, vipande viwili vya mita moja na nusu hivi, ni fupi kidogo kuliko doti ya Stanley. Lakini ile ilipimwa na mwenye msafara, akampa amtakaye. Hii huikunjua mwanamke mwenyewe, akaitazama pindo na jina, akasema naitaka, au siitaki.