Peanuts

Peanuts (maana yake "karanga") ilikuwa katuni ya magazetini nchini Marekani iliyochorwa na Charles M. Schulz (26 Novemba 1922 – 12 Februari 2000). Ilianza kutolewa tarehe 2 Oktoba 1950 katika magazeti saba tu. Baadaye ilisomwa katika magazeti zaidi ya 2,000 duniani. Katuni zote, 17,897 kwa jumla, Schulz alizichora mwenyewe bila msaidizi.

Mwanzo

Schulz, mtoto wa kinyozi, alizaliwa Minneapolis akakulia St. Paul, jimbo la Minnesota. Kuanzia 1947 alichora katuni iliyoitwa Li'l Folks katika gazeti la mji huo. Shirika la United Feature Syndicate, lililosambaza katuni magazetini, liliikubali kazi yake lakini likabadili jina, kwa kuwa lilifanana na majina ya katuni nyingine. Schulz hakulipenda jina jipya maisha yake yote. Na kweli, hakuna mhusika yeyote anayeitwa hivyo.

Wahusika na mtindo

Katuni ilipewa nafasi ndogo gazetini: visanduku vinne vilivyolingana, ili mhariri aweze kuvipanga kwa safu, kwa wima au kwa mraba. Schulz alitumia mistari michache na maneno machache, na watu wazima hawaonekani. Mhusika mkuu, Charlie Brown, hushindwa karibu kila jambo: timu yake ya besiboli hufungwa, tiara lake hunasa mtini, na Lucy humwondolea mpira kila anapotaka kuupiga. Mbwa wake, Snoopy, hulala juu ya paa la kibanda chake akijiota rubani wa vita. Katuni nyingi za watoto zilizotangulia zilitegemea utundu. Hapa watoto walizungumza juu ya upweke, hofu na imani.

Franklin

Mwezi Aprili 1968, siku chache baada ya Martin Luther King kuuawa, mwalimu wa Los Angeles, Harriet Glickman, alimwandikia Schulz akimwomba aweke mtoto Mweusi miongoni mwa wahusika wake. Schulz alisita, akihofia kwamba Weusi wangeona wanafanyiwa hisani. Glickman aliwaomba rafiki zake Weusi wamwandikie maoni yao, na tarehe 31 Julai mwaka huohuo Franklin alitokea ufukweni akimrudishia Charlie Brown mpira wake. Baba yake Franklin alikuwa askari Vietnam. Mhariri mmoja wa kusini alilalamika kuona watoto hao wakisoma shule moja, lakini Schulz hakubadili kitu. Hata hivyo Franklin hakupewa kasoro za kuchekesha kama wenzake, na wahakiki wameona kwamba kwa sababu hiyo alibaki mhusika mwembamba.

Athari

Filamu ya televisheni ya Krismasi iliyotokana na katuni hii mwaka 1965 ilipata tuzo ya Emmy. Mwezi Mei 1969 wanaanga wa Apollo 10 waliviita vyombo vyao Charlie Brown na Snoopy. Miongoni mwa wachoraji waliokiri kuathiriwa na Schulz yumo Bill Watterson, mchoraji wa Calvin and Hobbes.

Katuni ya mwisho ilitolewa Jumapili, 13 Februari 2000. Schulz alikuwa amefariki usiku uliotangulia. Kwa kuwa hakutaka mtu mwingine aiendeleze, magazeti huchapisha upya zile za zamani.